Hesabuni Kabla ya Orodha

Wazazi wa Arua na Koboko, ndugu zangu, nanyi wajukuu mliomaliza kidato cha sita, nisikilizeni. Mnajua kwa nini mmeniita. Kila mwaka baraza la mitihani, UNEB, likishatoa matokeo, mzee hapumziki. Huyu anataka nimwambie kama mtoto aende Makerere au abaki Muni. Yule anataka nimwambie auze ng'ombe au asubiri orodha ya serikali. Wa tatu ameshauza, sasa anataka nimwombee dua. Magoti yamechoka na vikao hivi, lakini sijachoka nanyi. Nitasema tena niliyosema mwaka jana na mwaka juzi, maana kila mwaka watoto ni wapya hata kama wazazi ni walewale.

Neno langu ni moja. Kaeni na mtoto wenu, hesabuni gharama ya masomo kuanzia siku ya kwanza hadi siku ya kuvaa joho, mkubaliane nani atalipa nini, na mfanye hivyo kabla jibu la chuo halijafika. Jibu likishafika mtakuwa na siku chache tu za kulipa, na mtu mwenye siku chache huuza shamba kwa bei anayotaka mnunuzi.

Matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka. Vyuo hufungua mnamo Agosti. Katikati hapo kuna miezi ambayo familia nyingi hukaa tu zikisema "tunangoja orodha," kana kwamba kungoja ni kazi. Halafu orodha inatoka, jina halipo, na ndani ya wiki mbili baba anazunguka mjini kutafuta mtu wa kumkopesha. Huyo baba hakukosa mapato pekee. Alikuwa na miezi mitano na hakuitumia.

Tuanze na hiyo orodha, maana ndiyo inayowalaza macho.

Serikali hulipia wanafunzi wapya wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma vya Uganda nzima. Robo tatu huchaguliwa kwa alama kitaifa. Hapo mtoto wa Koboko anashindanishwa na mtoto wa shule kubwa za kandokando ya Kampala, aliyefundishwa na mwalimu wa fizikia ambaye hakukosekana hata muhula mmoja. Robo iliyobaki ni mgao wa wilaya, pamoja na nafasi chache za wenye ulemavu na wanamichezo. Mgao huo ulianza 2005, mwaka uleule Koboko ilipotolewa Arua ikawa wilaya. Gawanyeni robo hiyo kwa wilaya zetu zote zinazozidi 130, muone kila wilaya inabaki na watu wangapi. Wanaenea kwenye benchi mbili.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukipata pointi 14 watu wakakubeba juu juu mpaka sokoni, furahi, ni haki yako. Lakini usitembee kama mtu ambaye jina lake limeshaandikwa.

Na wazazi wengi hawaelewi kwamba kozi haigawiwi kwa pointi tupu. A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Kisha kila kozi ina masomo yake ya lazima, ambayo alama zake huzidishwa mara 3, na masomo yanayohusiana nayo, ambayo huzidishwa mara 2. Ndiyo maana mtoto wa pointi 15 anaweza kukosa kozi, na jirani yake wa pointi 13 akaipata: wa pili alifaulu vizuri zaidi katika yale masomo ambayo kozi inayatazama. Binti huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Mkijua hayo mtaacha kusema kwamba kuna mtu amekata jina la mtoto wenu kwa uchawi au kwa ukabila. Chukueni karatasi, mzidishe, mlinganishe na kiwango kilichotumika mwaka uliopita. Mwalimu wa shule aliyosoma mtoto atawasaidia kwa nusu saa.

Mgao wa wilaya una mtihani wake pia, na huo mtihani ni wetu sisi wakubwa. Kila msimu anatokea mtu ambaye hatujawahi kumwona hata matangani, anadai babu yake alizikwa Lobule au Midia, anataka mtoto wake apite kwa jina la Koboko. Kikakwa hajui, njia ya kaburi hajui, lakini mwenyekiti wa LC anamfahamu vizuri tangu juzi jioni. Mwenyekiti, nakuheshimu, ila sikiliza. Muhuri wa kuthibitisha kwamba mtoto ni wa hapa ukiugonga kwa soda na nauli ya boda, umeichukua nafasi ya mtoto wa jirani yako ukaipeleka mahali ambapo watoto hawana shida ya nafasi. Mtoto huyo wa jirani utakutana naye kila asubuhi akisukuma baiskeli ya mkaa.

Na sisi tusijifanye wasafi. Wakakwa tumegawanywa na mipaka mitatu. Ndugu zetu wako Yei na wako upande wa Kongo, na wengi leo wako kambini: Lobule hapa Koboko, Rhino Camp na Imvepi kule chini. Kwa vijana wakimbizi kuna ufadhili wa DAFI, unaosimamiwa na UNHCR tangu 1992. Nawasikia watu wakinong'ona kwamba mtoto wa hapa aandikishwe kwa jina la binamu wa ng'ambo ili aombe huo ufadhili. Mtoto huyo atamaliza chuo kwa jina lisilo lake, na vyeti vyake vya shule ya msingi vitamkana. Msimfundishe mtoto kuanza maisha ya usomi kwa kusema uongo juu ya baba yake. Binamu yake aliyevuka mto akikimbia risasi, mwacheni apate chake.

Sasa nije kwenye pesa.

Tuseme, kwa mfano tu, ada ni shilingi milioni 1.5 kwa muhula. Mwaka una mihula miwili. Kozi ya miaka mitatu ni mihula sita, yaani milioni 9. Baba anasikia milioni 9 anasema, "Nitajikaza." Lakini mtoto bado hajala. Chumba na chakula vikichukua laki tatu kwa mwezi, na akawa chuoni miezi minane kwa mwaka, hiyo ni milioni 2.4 kwa mwaka, milioni 7.2 kwa miaka mitatu. Mnaona? Aliyejiandaa kwa 9 anatakiwa kuwa na 16 na zaidi, na bado hatujataja ada za huduma, nauli, kompyuta, mafunzo ya vitendo, wala ugonjwa. Kozi ya miaka minne, kama uhandisi, ongezeni mihula miwili. Udaktari ni miaka mitano, ongezeni minne. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na karo huisha hivyohivyo, tena mapema zaidi.

Kuna mama mmoja muuza samaki wakavu katika soko la Koboko aliyekuja kwangu na daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule ya msingi, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, limekwisha kunuka samaki. Alikuwa amechora safu tatu kwa rula: Kampala, Arua, na chuo cha uuguzi. Kushuka chini aliandika ada, huduma, chumba, chakula, nauli mara nne kwa mwaka, sare, simu. Mbele ya kila kitu aliandika nani atalipa. Pengine aliandika "mimi," pengine "mjomba," pengine "mbuzi wawili." Mahali ambapo hakujua, aliweka alama ya kuuliza. Safu ya Kampala ilikuwa na alama za kuuliza tano. Ya Arua ilikuwa na mbili. Ya uuguzi ilikuwa na moja. Hakuniuliza niamue. Aliniomba nikae naye wakati akimwonyesha binti yake. Binti alisoma kimya, kisha akachukua kalamu akafuta "mjomba" kwenye mistari miwili, akasema, "Mama, huyu tunamjua." Tukacheka wote. Lakini safu ikawa ya kweli.

Nataka kila nyumba iwe na daftari la namna hiyo, na nataka mtoto alishike kwa mkono wake. Baba zangu, mna tabia ya kuficha. Mnadhani mkimwambia mtoto pesa hakuna mtavunja moyo wake. Mtoto wa miaka 19 amekuona ukivaa viatu vilevile tangu akiwa darasa la nne. Anajua. Asichojua ni kiasi. Ukimficha, yeye atachagua kozi kwa ndoto, wewe utasema "ndiyo" kwa aibu, na katika mwaka wa pili mtalaumiana kwa simu.

Mwaka wa pili ndio ninaouogopa. Mwaka wa kwanza kila mtu anachanga: ukoo, kanisa, msikiti, kikundi cha akina mama. Kuna kuku, kuna hotuba. Mwaka wa pili hakuna anayekumbuka, na huko ndiko wengi wanakokwama. Angalieni kando ya barabara kutoka hapa hadi Arua: kuta ngapi zimesimama bila paa, nyasi zikiota ndani? Mwenye kuta hizo alikuwa na pesa ya matofali. Shahada iliyokatika mwaka wa pili iko hivyo, pesa imetoka na mvua inaingia. Bora chumba kimoja kilichoezekwa.

Mtaniuliza: basi Makerere au Muni?

Sikilizeni vizuri, maana kila mwaka mnanisingizia. Sijasema kila mtoto abaki hapa. Makerere imefundisha watu tangu 1922, na mtoto aliyepata nafasi ya serikali ya udaktari Makerere, Mbarara au Gulu, mpelekeni hata kwa kuazima godoro. Ninachosema ni kwamba jina la chuo halilipi chumba. Kutoka Arua kwenda Kampala ni karibu kilomita 500, na unavuka Nile mara mbili, Pakwach na Karuma. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi yalizungushwa kwa miezi, na mzazi mwenye mtoto mgonjwa Kampala alijua maana ya umbali. Weka hilo kwenye daftari. Koboko na Arua kuna kilomita 55 hivi za lami. Mtoto akiishiwa unga, gunia la muhogo linafika siku hiyohiyo.

Wengine mnakidharau Chuo Kikuu cha Muni kwa sababu mliona kinaanza. Kilifungua milango 2013, na ni cha serikali kama vile vingine. Kinafundisha uuguzi, kompyuta, kilimo, ualimu wa sayansi. Kabla yake, mtoto wa West Nile aliyetaka chuo kikuu cha umma ilimbidi avuke mto, apende asipende. Makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Christine Dranzoa, mwanamke wa Adjumani, msomi wa wanyama pori aliyefika juu kabisa akarudi nyumbani kujenga. Alifariki 2022, Mungu amrehemu. Akina baba mnaosema chuo cha karibu ni cha walioshindwa, mngemwambia hivyo yeye?

Ila na ukaribu nao una gharama zake. Mtoto wa Koboko anayesoma Arua bado anahitaji pa kulala. Mnasema, "Atakaa kwa shangazi." Shangazi ameulizwa? Ana watoto wangapi sebuleni? Mtoto akifika atapewa ndoo tatu za maji alfajiri na watoto wadogo wa kuogesha, halafu mnashangaa amefeli hesabu. Shangazi naye aingizwe kwenye daftari, kwa heshima, na unga upelekwe kwake kila mwezi.

Halafu kuna vyuo ambavyo hamtaki hata kuvitaja kwenye kikao. Shule ya uuguzi ya Arua, shule ya uuguzi ya Kuluva, chuo cha biashara Pakwach, chuo cha ufundi Lira, chuo cha misitu Nyabyeya. Shahada inataka alama kuu mbili za kidato cha sita zilizopatikana katika mtihani mmoja. Mwenye moja na alama ndogo mbili anaweza kusoma stashahada, akafanya kazi, akarudi baadaye kuchukua shahada. Njia hiyo ni ndefu lakini iko wazi, na wapo wauguzi walioipita. Ualimu peke yake ndio mnapaswa kuutazama kwa jicho jipya: sera ya walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, hata wa chekechea. Anayetaka ualimu aulize kwanza cheti anachokwenda kukitafuta kitatambuliwa kwa muda gani.

Na kabla ya kulipa hata senti, ulizeni kama chuo kinatambuliwa na kama kozi yenyewe inatambuliwa. Hayo ni mambo mawili. Mwaka 2023 watu walipata hofu kubwa ilipojulikana kwamba kozi nyingi, hata za vyuo vikubwa, zilikuwa kwenye orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama kozi ambazo muda wa kibali chake umekwisha. Kuuliza hakumuudhi mtu. Anayeudhika ukimuuliza kibali, mwachie chuo chake.

Kuhusu mkopo, nasikia maneno mengi yasiyo kweli. Bodi ya mikopo ya wanafunzi iliundwa kwa sheria ya 2014. Mkopo wake hulipa ada ya masomo, ada za huduma na za utafiti, pamoja na vifaa kwa wenye ulemavu. Pesa inakwenda chuoni moja kwa moja, haipiti mfukoni mwa mtoto wala kwa mjomba. Chumba na chakula haulipi. Kwa hiyo anayesema "mtoto amepata mkopo, tumepumzika" asome tena ile milioni 7.2 niliyoitaja. Tangu mwanzo mkopo umeelekea kozi za sayansi na teknolojia, na huuombi bila kwanza kukubaliwa chuoni. Fomu inauliza hali ya nyumba, nani anasoma, nani anafanya kazi gani, na inataka wadhamini. Kusanyeni vitambulisho vya taifa na barua za LC sasa, siyo wiki ya mwisho mkiwa kwenye foleni ya kafe ya intaneti na umeme umekatika. Na mwaka mmoja baada ya kumaliza, deni linaanza kudaiwa. Dawa ya deni ni kulipa. Mtoto atie saini akijua kwamba jina lililo pale ni lake.

Sasa ardhi. Hapa mniruhusu nikae vizuri.

Mwaka 1979 vita vilipotufikia tulitoka hapa na tulichoweza kubeba kichwani. Wengine walikwenda Zaire, wengine Sudan, na tulikaa huko miaka. Watoto walisoma chini ya miti kwa Kifaransa na kwa Kiarabu. Tuliporudi nyumba hazikuwepo, ng'ombe hawakuwepo, vyeti vimeoza au vimeungua. Ardhi ndiyo iliyokuwa inatungoja. Juu yake tulilima tumbaku na muhogo, na tumbaku ile ndiyo iliyowalipia karo baadhi yenu mnaonitazama hapa. Leo soko la tumbaku si lile la zamani, lami imefika hadi Oraba, na kipande kilicho kando ya barabara kina mnunuzi kabla hujamaliza sentensi. Ardhi ya ukoo haiuzwi na mtu mmoja kwa sababu ya barua moja. Mkiona lazima, kikao kikae, ndugu wote wajue, na wadogo waliobaki nyuma wahesabiwe. Mtoto wa kwanza akila shamba lote kwa shahada moja, wa nne atalima wapi?

Kuna njia nyingine, ila zinataka muda, ndiyo maana ninawasumbua leo. Vikundi vyetu vya akiba hugawana pesa mwisho wa mwaka, ilhali chuo kinafungua Agosti. Ongeeni na kikundi mapema kuhusu mkopo wa Agosti utakaolipwa kwa mgao wa Desemba. Karanga za msimu wa kwanza zinaingia karibu na Agosti, ufuta na muhogo baadaye, kwa hiyo muhula wa pili una nafuu kuliko wa kwanza. Pangeni hivyo: cha kuuza kwa muhula wa kwanza, cha kuuza kwa wa pili. Na pesa ikishapatikana, ilipeni kwa namba ya malipo ya chuo. Msimtumie mtoto kwenye simu mkamwambia akalipe. Simlaumu mtoto kabla hajakosa, lakini kamari ya mpira iko kila kona ya mji, na mtu wa miaka 19 mwenye milioni moja kwenye simu ana marafiki wengi kuliko jana.

Msiwape pesa watu wa "najua mtu ofisini Kampala." Orodha ya serikali haina mlango wa nyuma unaofunguliwa kwenye kibanda cha chai. Anayekuambia atamwingiza mtoto wako kwa malipo, mwambie amwingize wa kwake kwanza.

Kina mama, na hasa kina baba, nina neno kuhusu mabinti. Nimekaa kwenye vikao ambapo kaka na dada wamefaulu mwaka mmoja, na watu wazima wakaanza kuhesabu mahari ya dada ili kaka asome. Wanasema kwa sauti ya chini, lakini wanasema. Binti yuko jikoni anasikia. Miezi ya kungoja ndiyo inayowameza mabinti wetu: hakuna shule, hakuna kazi, mchumba anatokea, tumbo linatokea, na Agosti ikifika barua haina mwenyewe. Mtoto anayengoja apewe shughuli. Akafundishe watoto shule ya jirani, ajifunze kompyuta mjini, auze dukani na atunze nusu ya faida kwa jina lake. Mvulana vilevile. Chuo kitakapofungua atakuwa na senti zake na atajua zinavyotoka jasho.

Basi tuseme orodha imetoka, na mtoto amepewa kozi ambayo hakuitaka. Alitaka sheria kwa pesa ya baba, serikali imempa ualimu wa sayansi bure. Hapo nyumba huwaka moto. Mimi ninawaambia: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini msimpige mtoto kwa methali hiyo mpaka akae kimya. Mwambieni aeleze. Ulizeni kama anaweza kuomba kubadilishiwa kozi, maana muda wa kuomba huwa ni mfupi sana baada ya orodha. Fungueni daftari muone sheria inagharimu nini kwa miaka yote minne. Kama alama za kuuliza ni nyingi, yeye mwenyewe ataziona, na akikubali ualimu atakuwa amekubali kwa akili yake. Mtoto aliyeburutwa kwenye kozi huacha mwaka wa pili. Nimekwisha kuwaambia juu ya mwaka wa pili.

Na kama jina halipo popote? Wajukuu, hili nawaambia nyinyi. Kukosa orodha hakumaanishi kwamba huna akili. Watu 4,000 ni wachache kwa nchi hii. Wapo waliorudi darasani uhamishoni wakiwa na watoto mgongoni, na leo mnawaita mwalimu mkuu. Mwaka mmoja wa kufanya kazi na kuweka akiba hauozi. Unaooza ni mwaka wa kulala na kulaumu. Lakini nanyi mna wajibu: mwambieni mzazi ukweli. Mtihani wa chuo ukikushinda, sema muhula huohuo. Karo ikipotea, sema siku hiyohiyo. Mama yako hawezi kukusaidia kwa jambo usilomwambia, na atalisikia kwa jirani.

Nimemaliza. Mungu awasimamie, awape watoto wetu vyuo watakavyovimaliza na wazazi wetu usingizi. Nendeni nyumbani, tafuteni daftari na rula, muite mtoto, mchore safu. Mkikwama nitakuja, hata kwa magoti haya. Asiye na daftari asiniite.